Aliomba Muda, Akapewa Uhuru

Somo la wiki. Andiko: Mathayo 18:21-35

Kabla hujaendelea na karatasi hii, fungua Biblia yako usome mistari hiyo 15 yote. Najua unaijua hadithi. Tumeifundisha tangu Sunday School: mtumwa mbaya, mfalme mwema, mwisho ni "tusameheane." Lakini ukiwa umezoea andiko sana, macho yako yanaruka. Ndiyo maana Jumapili niliwaomba tusome polepole, na wale mliokuwa ibada ya pili mnakumbuka muda ulitubana tukaishia njiani. Leo tumalizie.

Nilisomea biashara kabla Bwana hajaniita katika huduma, na mke wangu huniambia nahubiri kama mkaguzi wa hesabu. Sawa tu. Mfano huu wenyewe unaanza na ukaguzi wa hesabu. Mfalme ameketi na watumwa wake kupitia vitabu, na analetewa mtu mmoja ambaye hesabu yake imekataa.

Sasa angalia mstari wa 26. Huyu mtu ameanguka chini, amesujudu, mke na watoto wako karibu kuuzwa. Anaomba nini? Soma tena. Haombi msamaha. Anaomba avumiliwe, na anaahidi kulipa deni lote. Kwa lugha ya benki, anaomba kuongezewa muda. Halafu mstari wa 27 mfalme anafanya kitu ambacho hakikuombwa: anamhurumia, anamfungua, anafuta deni zima.

Nimehubiriwa mfano huu mara nyingi, lakini ni mwaka huu tu nilipoona pengo lililo kati ya mistari hiyo miwili. Mmoja aliomba muda. Mwingine akatoa uhuru. Na naamini mambo yote mabaya yanayofuata yametoka kwenye pengo hilo.

Deni lenyewe lilikuwa ngapi?

Tupige hesabu, maana Yesu mwenyewe ndiye aliyetaja takwimu. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku. Unaiona kwenye mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Talanta moja, kwa hesabu ambayo wasomi wengi wanaikubali, ilikuwa kama dinari 6,000. Huyu mtu alidaiwa talanta 10,000. Hiyo ni dinari milioni 60. Ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, bila kula, bila kodi ya nyumba, bila mtoto kuugua, utamaliza kulipa baada ya miaka 200,000.

Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo ya kwanza, anaandika kwamba Herode Antipa, aliyetawala Galilaya siku za Yesu, alipata talanta 200 kwa mwaka kutoka Galilaya na Perea. Yaani mtumwa mmoja anadaiwa mapato ya miaka 50 ya mtawala wa nchi ile. Wasikilizaji wa Yesu waliposikia "talanta elfu kumi," nadhani wengine walicheka.

Tulete nyumbani. Tuseme kibarua wa mjengo hapa kwetu analipwa shilingi 700 kwa siku. Deni la kwanza linakuwa shilingi bilioni 42. Deni la pili, zile dinari mia za mjoli wake, linakuwa shilingi 70,000. La kwanza ni mara 600,000 ya la pili.

Na mtu wa bilioni 42 anapiga magoti anasema, nipe muda kidogo nitalipa yote! Si huo ni mzaha? Lakini ndivyo tulivyo. Mtu anakuja madhabahuni anatubu, analia, halafu anamwahidi Mungu atafunga siku 21, ataanza kutoa fungu la kumi kikamilifu, ataingia kwaya. Haya yote ni mazuri. Ila ukimsikiliza vizuri, hajaomba kusamehewa. Ameomba kuongezewa muda. Anataka kulipa kwa awamu.

Tofauti ya kuongezewa muda, kufutiwa vitabuni, na kusamehewa

Hapa nataka tukae kidogo, maana maneno haya tunayachanganya.

Kuongezewa muda mnakujua. Mkopo umekulemea, unaenda benki au kwenye Sacco, mnakaa na afisa, ile miezi 24 inakuwa 48. Unapumua, lakini deni liko palepale, tena mara nyingi riba imeongezeka.

Kuna pia kupunguziwa. Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango ambapo benki zingepunguza angalau nusu ya mikopo ya simu ya muda mfupi iliyokuwa imekwama, na ile sehemu iliyobaki mkopaji akapewa miezi kadhaa ailipe. Ulikuwa mpango mzuri na wengi walishukuru. Lakini ilikuwa nusu. Na hata mtu akimaliza kulipa deni alilochelewesha, ile rekodi mbaya hukaa kule CRB miaka 5. Deni limeisha, jina lako bado linanuka.

Halafu kuna kufutwa vitabuni, na hii watu wengi hawaielewi. Benki ikiona deni halilipiki, inaliondoa kwenye hesabu zake kama hasara. Sasa unaweza kudhani mambo yameisha. La! Benki imelitoa kwenye vitabu, lakini haijakusamehe. Bado inaweza kukutafuta, kukupigia, hata kukutumia dalali. Vitabu ni safi, mkono bado uko shingoni.

Wapendwa, msamaha mwingi tunaopeana makanisani ni wa aina hiyo. "Mimi nilishamalizana na yeye." "Huyo nilimfuta." Umemfuta kwa simu, umem-block, umetoka kwa kundi la WhatsApp la familia, na kila Krismasi ukiulizwa kama utaenda nyumbani unauliza kwanza kama atakuwepo. Umeandika hasara, ndiyo. Lakini dalali bado yuko kazini.

Mfalme hakufanya lolote kati ya hayo. Hakuongeza muda, hakupunguza nusu, hakuondoa vitabuni huku akimfuatilia. Alisamehe. Na tusisahau swali ambalo mtu yeyote wa hesabu atauliza: bilioni 42 zimeenda wapi? Deni haliyeyuki. Likifutwa upande mmoja, linaandikwa hasara upande mwingine. Mfalme aliinuka kwenye kile kiti akiwa maskini zaidi kwa talanta 10,000. Paulo anaieleza vizuri Wakolosai 2:14 anapotaja hati iliyokuwa kinyume chetu ikipigiliwa msalabani. Neno la Kigiriki alilotumia pale lilitumika kwa karatasi ambayo mkopaji aliiandika kwa mkono wake mwenyewe kukubali kwamba anadaiwa. Karatasi yetu, mwandiko wetu. Ilitundikwa na Mwana wa Mungu, na hasara aliibeba yeye.

Basi msamaha si rahisi, na mtu asikwambie ni bure. Kwako ni bure. Kuna aliyelipa.

Kwa nini akamkaba mwenzake?

Mstari wa 28. Anatoka nje, anamkuta mjoli wake, mtumwa mwenzake, anamshika koo. Siku zote tunasema: angalia jinsi alivyo na roho mbaya! Kweli, roho mbaya anayo. Lakini jiulize, mtu aliyetoka kusamehewa bilioni 42 anahitaji 70,000 kwa haraka za nini?

Jibu langu ni hili. Hakuamini. Alisikia neno la mfalme kwa masikio, lakini moyoni bado alibaki na lile ombi lake la mstari wa 26, kwamba atalipa yote. Alitoka mle ndani akifikiri amepewa muda. Na mtu aliyepewa muda anafanya nini? Anakusanya madeni yake yote. Anapitia kitabu chake, ni nani ana pesa yangu? Anapiga simu. Anakaba.

Ukiona Mkristo anayekaba watu, usiharakishe kusema hana upendo. Huenda tatizo limeanza mbali zaidi. Huenda bado anamlipa Mungu kwa awamu. Anahudumu kwa hofu, anatoa kwa hofu, na kwa sababu yeye mwenyewe anajiona yuko kwenye malipo, haoni kwa nini wewe usilipe. Mzazi wa namna hiyo anawakaba watoto. Mume anamkaba mke. Mchungaji wa namna hiyo, Mungu atuhurumie, anakaba kanisa zima.

Petro naye alikuwa na kitabu. Angalia swali lililoanzisha mfano wote: nisamehe mara ngapi, hata saba? Ili ujue umefika saba lazima uwe unaandika mahali. Hii ya kwanza, ya pili ni ile ya harusini, ya tatu ni ya lile shamba... Yesu anamjibu kwa namba ambayo kwa Kigiriki inaweza kusomwa saba mara sabini au sabini na saba, na ni namba ya zamani. Iko Mwanzo 4:24, pale Lameki anajisifu mbele ya wake zake kwamba atalipiza kisasi mara sabini na saba. Yesu anachukua namba ya kisasi anaigeuza kuwa ya msamaha. Katika namba kubwa hivyo, kitabu cha Petro hakisaidii tena. Na katika 1 Wakorintho 13, Paulo anaposema upendo hauhesabu mabaya, anatumia neno la watu wa hesabu, la kuingiza kitu kitabuni.

Shilingi 70,000 si pesa ndogo

Hapa lazima nitetee watu fulani. Sisi wahubiri tuna tabia ya kuzidharau zile dinari mia. Tunasema, "Ati kitu kidogo tu kama hicho!" Kwa mshahara wa kibarua, ni kazi ya siku mia. Miezi mitatu, minne, mgongo unauma. Kwa hesabu yetu ni zaidi ya karo ya mwaka mzima ya shule ya kitaifa ya bweni kwa kiwango cha serikali, ambacho ni shilingi 53,554 (na wazazi mnajua hiyo siyo yote utakayoombwa). Yesu angeweza kusema dinari mbili. Hakusema. Alichagua deni linalouma.

Kwa hiyo wewe uliyemdhamini rafiki kwenye Sacco, akahama mtaa na simu hashiki, akiba zako zikakatwa, hakuna anayekwambia hujaumizwa. Dada uliyelea watoto peke yako, na leo wamemaliza chuo ndipo baba yao anataka kuja kwenye sherehe avae suti akae mbele, maumivu yako ni ya kweli. Wewe ambaye ndugu yako alibadilisha hati ya shamba la wazazi mkiwa mazishini, hizo ni dinari mia kamili, hakuna hata moja iliyopungua. Yesu hasemi deni halipo. Anasema liweke kando ya lile lako la kwanza, kisha uangalie.

Na kama huwezi kuliona lile la kwanza, hapo ndipo pa kuanzia. Usijilazimishe kumpenda aliyekudhulumu ukiwa bado hujaketi ukaangalia karatasi yako mwenyewe.

Nani anamlisha mfungwa?

Mstari wa 30, anamtupa mwenzake gerezani hadi alipe. Kimsingi ni uamuzi wa kijinga kabisa wa biashara. Mtu aliye ndani hafanyi kazi. Hafanyi kazi, halipi. Umefunga pesa zako pamoja naye.

Hapa Kenya kifungo cha madai bado kipo katika sheria, Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21. Mahakama haimpeleki mtu huko ovyo. Lazima kwanza apewe nafasi ya kujieleza kwa nini asifungwe, na hawezi kukaa zaidi ya miezi 6. Lakini kuna mambo mawili katika sheria hiyo ambayo nikiyasoma nasikia mahubiri.

La kwanza, anayedai ndiye anayelipia chakula cha mfungwa. Kweli kabisa. Wewe uliyemshtaki unatakiwa utoe pesa za matunzo yake akiwa ndani, na ukiacha kulipa, anaachiliwa. Hebu fikiria hilo. Umekasirika, umemfunga mtu, na sasa kila mwezi unatoa mfukoni ili aendelee kufungwa.

Sasa rudi kwa yule uliyemfunga moyoni mwako. Umemfunga miaka minane. Nani anamlisha? Ni wewe. Kila asubuhi unaamka unampelekea uji: unakumbuka alivyosema, unakumbuka uso wake, unajibu maneno ambayo hukupata nafasi ya kuyajibu. Usiku unampelekea chakula cha jioni, usingizi wako. Yeye huko aliko anakula nyama, amesahau. Ni kama Fuliza: pesa yoyote ikiingia kwa simu, deni linakata kwanza ndipo wewe upate kilichobaki. Mtoto amepita mtihani, furaha inaingia, uchungu unakata. Umepata kazi, furaha inaingia, uchungu unakata. Unashangaa mbona hubaki na kitu.

Jambo la pili katika sheria hiyo: mtu akitoka kifungo cha madai, deni lake halijafutika. Amefunguliwa mlango, lakini bado anadaiwa, na mali yake inaweza kufuatwa. Sasa linganisha na mstari wa 27. Mfalme alifanya mambo mawili, si moja. Alimfungua, na alimsamehe deni. Mlango na deni, vyote kwa siku moja. Hakuna mahakama inayotoa hukumu kama hiyo.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Kufunga, kifungo, mfungwa, kufungua, ufunguo: ni familia moja. Anayefunga mlango ndiye anayekaa na ufunguo, na askari jela naye analala gerezani. Kigiriki nacho kina neno moja linalobeba uhuru na msamaha pamoja. Luka 4:18, Yesu anaposoma kule Nazareti habari za wafungwa kuachiliwa, ni neno lilelile linalotumika Mathayo 26:28 kwa ondoleo la dhambi. Na wale waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki walilitumia neno hilo hilo Walawi 25, kwa mwaka wa yubile, mwaka wa hamsini, watumwa wanaporudi kwao na mashamba kurudi kwa wenyewe. Kwa hiyo tunapopiga kelele kanisani, "Achilia! Achilia!", tuko kwenye Biblia kuliko tunavyodhani. Kusamehe na kuachilia huru halikuwa jambo mbili kwao.

Msamaha ambao mfano huu haufundishi

Niseme hili bila kuzunguka, kwa sababu limewaumiza watu wengi, wengine wakiwa makanisani.

Mfano huu hausemi unyamaze. Angalia mstari wa 31: watumwa wenzake walipoona uonevu, walihuzunika, wakaenda kumwambia mfalme. Hakuna aliyewaambia "msiwe na uchungu, sameheni tu." Na mistari iliyotangulia mfano, 15 hadi 17, Yesu anatoa utaratibu: mwendee, asiposikia chukua mashahidi, asiposikia liambie kanisa. Ukweli kwanza, mezani.

Kwa hiyo mtoto akinajisiwa, hilo si jambo la wazee wa ukoo kukaa chini ya mti na kukubaliana mbuzi. Si la mchungaji kulimaliza ofisini kwa maombi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 iko wazi kwamba hiyo ni jinai. Peleka mtoto hospitalini mara moja, bila kuosha nguo alizovaa, na uende polisi. Unaweza kumsamehe mtu moyoni na bado usimame kizimbani kutoa ushahidi dhidi yake. Hayo mawili hayagombani. Mke anayepigwa pia, kumsamehe mume si sawa na kurudi kulala kwenye ile nyumba kesho. Msamaha unatolewa na mmoja. Kuaminiana kunajengwa na wawili, na kunachukua muda.

Na wewe unayedaiwa, usishangilie sana somo hili ukiwa umekaa pale nyuma. Zakayo aliposamehewa hakusema "Asante Yesu" akaishia hapo. Alirudisha mara nne kwa wale aliowadhulumu, Luka 19:8. Kama una pesa ya chama, ya mama mboga, ya yule fundi aliyekujengea choo mwaka jana, mpigie simu wiki hii. Huna yote? Mwambie ukweli una ngapi. Usimtumie mstari wa Biblia.

Watesaji

Tunamalizia na sehemu ngumu. Mstari wa 34 na 35, mfalme anamrudisha mtumwa kwa watesaji hadi alipe deni lote, na Yesu anasema Baba wa mbinguni atatutenda hivyo tusiposamehe kutoka moyoni. Kuna wahubiri huruka hapa. Mimi siwezi kuulainisha mstari huo, Yesu ndiye aliyeusema.

Lakini linganisha maneno. Mstari wa 26 aliomba nini? Nafasi ya kulipa yote. Mstari wa 34 amepewa nini? Nafasi ya kulipa yote. Mstari wa 30 alimhukumu mwenzake vipi? Afungwe hadi alipe. Mstari wa 34 amehukumiwa vipi? Afungwe hadi alipe. Mfalme hakubuni adhabu mpya. Alimrudishia ombi lake mwenyewe na hukumu yake mwenyewe. Mtu alikataa kuishi chini ya huruma, akachagua kuishi chini ya kitabu, basi kitabu kikafunguliwa ukurasa wake. Miaka 200,000.

Kuna wapendwa wetu wako kwa watesaji sasa hivi, na bado hawajafa. Unakutana nao. Shinikizo la damu, usingizi hakuna, na ukitaja jina fulani uso unabadilika. Siyo kila ugonjwa ni uchungu, tafadhali, na dawa za daktari usiache kumeza. Ila nimekaa na watu katika maombi na nikaona mtu akitaja jina la aliyemuumiza, akasema "hanidai na simdai tena," na bega likashuka kama mtu aliyetua mtungi.

Kwa ushirika wa nyumbani, Jumatano

Kila mtu aje na karatasi. Upande wa kwanza andika yale ambayo Mungu amekusamehe, ya kweli, siyo "mimi ni mwenye dhambi" ya jumla. Hakuna atakayeisoma. Upande wa pili andika jina moja tu la anayekudai moyoni au unayemdai, na kiasi chake: alichukua nini hasa? Heshima, miaka, pesa, mtoto? Kiongozi asiharakishe watu hapa. Asiyekuwa tayari asilazimishwe kusamehe mbele ya watu, maana msamaha wa kulazimishwa ni ule wa kufuta vitabuni.

Kisha mjadili: katika maombi yako ya mwezi huu, umekuwa ukimwomba Mungu msamaha, au muda? Na yule mjoli wa dinari mia, ambaye naye aliomba kuvumiliwa kwa maneno yaleyale ya mstari wa 26, unafikiri alilala vipi usiku ule, akiwa ndani?

Kama kuna jambo zito limejitokeza, msilijadili kikundini. Mje ofisini, mimi au mama mchungaji tutawasikiliza. Wiki ijayo tutasoma Filemoni, hasa mstari wa 18, pale Paulo anapoomba deni la mtu mwingine liandikwe kwake. Ni sura moja tu. Isome kabla hujaja.